Karatasi Tatu Ukutani kwa Bi Najiat

Nianze na mwisho ili usisome kwa wasiwasi: nyumba bado imesimama, na mimi Mama Stela bado nakaa chumba cha tatu kushoto. Sasa sikiliza.

Nyumba ni ya Bi Najiat, hapa Gongoni, Tabora mjini. Babu yake aliijenga kabla reli haijafika, misafara ya Ujiji ingali inapita. Kuta ni za tofali za tope, nene hadi mtu anakaa dirishani kama yuko kitini. Ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mbele baraza, nyuma ua. Tunaishi humo watu kumi na tisa. Ukipika kisamvu chumba cha kwanza, chumba cha sita wanajua kama umetia karanga.

Mvua za Machi ndizo zilizotuumbua. Ukuta wa upande wa ua ulipasuka kuanzia kwenye bati mpaka chini, ufa unaingia kidole. Afisa majengo akaja, kijana mpole, akaangalia, akakuna kichwa. Akasema kama ukuta unatembea, tuhame wote. Atarudi Jumatatu kutoa uamuzi.

Sisi wapangaji tungepata vyumba kwingine, hata kule Kitete. Bi Najiat angekwenda wapi? Alizaliwa chumba cha kwanza kulia, na miaka sabini na minne baadaye bado analala humohumo. Binti yake alimpigia simu kutoka Mwanza, njoo ukae kwangu ghorofani. Bibi akajibu kwamba ghorofani hakuna baraza, atamsalimia nani, ndege?

Ndipo akaitwa Fundi Lugembe, mzee wa Kipalapala aliyejenga kwa tope tangu ujana wake. Kwanza aliligonga lile ganda la saruji ambalo Bibi alilipaka miaka mitatu nyuma kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Likalia kama debe tupu. Akalibandua, akatueleza kwamba tope linataka kupumua, na saruji imelifungia maji ndani. Ila chini ya saruji na lenyewe tope lilikuwa na ufa mwembamba. Ufa huo ungeweza kuwa wa zamani, umelala tu. Au ungekuwa mpya, na unakua.

Dawa yake ilikuwa karatasi tatu. Alichana daftari la Stela wangu, akabandika moja juu, moja katikati, moja chini, kila moja imekatiza ufa. Ukuta ukisogea hata kidogo, karatasi inachanika. Gundi ya dukani haikushika tope, kwa hiyo nikapika uji mzito wa muhogo. Nakiri, uji ulikuwa wangu.

Wiki ile hakuna aliyeamka akapiga mswaki kabla ya kupita ukutani. Majirani wakaja na salamu zisizo na mwisho, jicho liko kwenye karatasi. Revocatus wa bajaji, chumba cha tano, alikuwa ameshatangaza stendi nzima kwamba hatufiki Jumamosi. Tukafika Jumamosi. Tukafika Jumapili, zote tatu nzima, na Bi Najiat akacheka kwa mara ya kwanza.

Jumatatu asubuhi karatasi ya chini ilikuwa inaning'inia, nusu haipo.

Bibi aliitazama, akageuka. Aliingia chumbani, nikamsikia akivuta sanduku la mama yake kutoka uvunguni. Nikamfuata, nikakunja naye khanga, wote kimya. Mimi kukaa kimya! Hapo ujue mambo yalikuwa mazito.

Saa nne afisa akafika, Fundi Lugembe nyuma yake. Fundi alichuchumaa mbele ya ile karatasi, akaiangalia muda mrefu kama anayesoma barua ya posa. Kisha akauliza, "Mama Stela, kuku wako mwekundu anafungiwa?"

Nikasema anafungiwa. Watu wote wa ua wakanigeukia.

"Basi, hufungiwa jioni tu," nikasema.

"Ukuta ukichana karatasi, unaichana kwenye ufa," Fundi akamwambia afisa. "Hii imeliwa pembeni, palipo na uji. Tazama alivyodonoa na tope. Za juu hajazifikia, ziguse."

Afisa akazigusa. Zilikuwa zimekaza kama ngozi ya ngoma. Akatoa timazi, akaning'iniza kamba yake kutoka kwenye bati, akapima juu, akapima chini. Ukuta umenyooka. Akaandika kwamba hatuhami. Saruji yote itolewe, ukuta upakwe tope na chokaa.

Bi Najiat alikaa chini palepale uani, miguu ameinyoosha, akapumua. Kisha akaniita.

"Mama Stela, kuku wako kanitoa machozi. Leo analala kwenye pilau."

"Haki yake, Bibi," nikasema, na kisu nikakileta mwenyewe.

Firigisi huwa ni ya mkubwa wa nyumba, lakini Bibi alisema leo apewe Fundi. Nilipoipasua kuisafisha, ndani mlikuwa na karatasi ya mistari, vipande vipande, na kimoja bado kina namba za hesabu za Stela. Vipande hivyo nikampelekea Revocatus kwenye kisosi, akawaonyeshe stendi.