Uzi wenye Mafundo Sita

Saa tisa alasiri Bibiana alipanda ngazi ya miti hadi kwenye dungu la Mariana, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mashamba ya mpunga nje ya kijiji cha Mofu, akavua viatu vyenye tope na kukaa kimya. Ndivyo alivyofanya kazi. Alikuwa mbunifu wa mradi mmoja wenye ofisi Ifakara, na alitumwa kubuni chandarua cha dunguni, maana familia za huku huhamia shambani tangu kulima hadi kuvuna, na chandarua cha kitandani hakikai vizuri juu ya miti na nyasi. Wabunifu wengine huuliza watu wanataka nini. Bibiana aliamini kwamba ukimuuliza mtu hivyo atakujibu kwa adabu tu. Yeye huangalia kwanza, kisha humpa mwenyeji kipande cha uzi afunge fundo moja kwa kila anayelala pale.

Mariana alifunga mafundo sita bila kuhesabu.

Bibiana akahesabu watu. Kulikuwa na Mariana, mumewe Telesphory, binti yao Happyness wa miaka kumi na minne, na wavulana wawili. Wa sita alikuwa Omega, kitinda mimba, aliyefariki kwa malaria msimu uliopita akiwa na miaka sita. Alisimama ukingoni mwa dungu akiamia ndege. Kila alipotupa donge la tope, kwelea kwelea waliinuka wote kwa pamoja, na hawakurudi haraka.

"Anajituma," Bibiana alisema.

"Kuliko hawa walio hai," Mariana alijibu, na wavulana wakaangalia pembeni.

Bibiana alimpima Omega kama alivyowapima wengine. Mita moja na sentimita nane. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungini. Akauliza mtoto hulala upande gani.

"Katikati," alisema Mariana. "Chandarua cha zamani hakikututosha. Aliyebaki pembeni, miguu nje, ni yeye, maana mdogo halalamiki. Sasa dada, mimi simlazi nje mara ya pili. Andika hivyo."

Bibiana aliandika hivyo. Kwa wiki tatu alijenga vielelezo kwa mianzi na kanga kuukuu, akarudi navyo dunguni, akakata, akashona upya. Omega aliingia na kutoka mara nyingi kuliko wote, na ndiye aliyeonyesha kwamba mlango ulikuwa juu mno kwa mtoto. Mlango ukashushwa.

Meneja wa mradi, Polycarp, aliusoma mchoro wote, kisha akaushika ule uzi.

"Huyu wa sita ni marehemu."

"Ndiyo."

"Na analala pale?"

"Kila siku."

Polycarp hakushangaa. Baba yake mwenyewe, miaka minane baada ya kuzikwa, bado huwafungulia kuku asubuhi. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha watumiaji walio hai. "Sina pa kumwandika," alisema kwa upole. "Punguza. Nusu shari, dada, kuliko shari kamili." Bibiana aliona aibu, na ukweli usemwe, hakubishana sana. Alipunguza upana kwa sentimita hamsini.

Chandarua kilipofika kilikaa dunguni vizuri ajabu. Mariana alikisifu na kushukuru, hakuuliza neno. Alipanga watu kwa mkono wake: Omega katikati, wenzake huku na huku, Telesphory ukutani. Kisha akatandika mkeka wake nje ya chandarua, upande wa mtoni, ambako mbu hutokea.

Msimu uliofuata Bibiana alirudi kufanya tathmini. Alivua viatu, akakaa.

"Shikamoo, dada," alisema Happyness.

"Marahaba. Pole na msiba."

Walimzika Mariana mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Sasa alisimama ukingoni pamoja na Omega, kila mmoja na donge lake la tope, na hakuna ndege aliyethubutu kutua. Mpunga wao ulikuwa umejaa kuliko wa jirani yeyote, na majirani walikuwa wameanza kununa.

Bibiana alijaza fomu. Watumiaji walio hai, wanne. Nafasi ndani ya chandarua, watano. Mwishoni alitakiwa kuweka alama, akaweka palipoandikwa "kinatosha", kwa kuwa hapakuwa na pengine. Ndipo akatoa uzi. Happyness alifunga mafundo sita na kumrudishia.

"Wewe unalala wapi?"

Msichana alionyesha mkeka uliokunjwa, upande wa mtoni. "Pale pa mama. Yeye tumemrudisha ndani. Ameshalala nje msimu mzima, jamani. Baba alitaka atoke yeye, nikamkatalia. Baba ndiye anayelima."

Alichokuwa nacho Bibiana mkononi ni futikamba. Akampima. Mita moja na sentimita hamsini na moja. Happyness alisimama wima na kutulia, kama anayepimwa sare ya shule.

Ukingoni, Omega alimsogelea mama yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja.