Sekunde Kumi za Slaidi ya Saba

Kila Jumanne, saa tisa alasiri, mwalimu wa darasa la watu wazima alifunga mapazia, akapangusa lenzi ya projekta na kuita majina ya mahudhurio. Wanafunzi wa Kiingereza walikuwa kumi na tisa, wanne kati yao wakiwa ukutani. Slaidi zililetwa na ofisi ya elimu zikiwa zimekwisha kupangwa: kila moja ilikaa sekunde kumi, kisha ikajiondokea yenyewe. Asiyemaliza kuisoma alibaki ndani yake. Mwanafunzi mmoja, kinyozi, alikuwa sokoni, katika slaidi ya nne, tangu mwezi uliopita, akiwa ameshika nyanya ileile. Mwalimu alimwandika kuwa amehudhuria, kwa sababu alionekana.

"Kinyozi kanenepa," fundi cherehani alinong'ona. "Soko limemkubali."

Jirani yake, mama aliyefua mashuka ya hospitali, hakucheka. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba asiyejua Kiingereza hatapangiwa zamu tena muhula utakapokwisha. Slaidi sita za kwanza alikuwa akizipita kwa taabu, kidole kikifuata herufi juu ya paja. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa na mama yake mzee, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kuwapikia.

Jumanne moja, kabla ya somo, alimwendea mwalimu, akamwomba aisimamishe kidogo slaidi ya saba, iliyoletwa wiki hiyo.

"Mama yangu, sina kitufe cha kuisimamisha," mwalimu alimjibu kwa sauti ya chini. "Hata mimi nasoma mbio."

Slaidi ya saba ilikuwa wodi. Palikuwa na kitanda, muuguzi na mistari minne ya maneno. Mama alianza vizuri. Alipofika mstari wa pili, macho yake yaliteleza yakaona shuka limetandikwa ovyo, pembe moja ikining'inia karibu na sakafu. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuliacha shuka namna ile. Aliitazama pembe hiyo kwa sekunde tatu. Aliporudi kwenye mstari wa tatu, shuka lilikuwa tayari mkononi mwake, nalo lilikuwa baridi.

Jumanne iliyofuata, bibi alimleta binti, akamkalisha benchi la mbele. Fundi cherehani aliwaondolea mkoba wake wapate nafasi. Slaidi ya saba ilipowaka, binti alisimama.

"Shikamoo, mama. Bibi anakohoa usiku. Nimeshika nafasi ya tatu. Ule ufunguo wa kabati uliuweka wa—"

Ukuta ukawa na picha ya kituo cha mabasi.

Ndivyo walivyozungumza Jumanne zote zilizosalia. Mama aliitikia kila kitu, ijapokuwa sauti yake haikuvuka ukuta. Slaidi nyingine zilipopita, yeye alikaa gizani kando ya kitanda, akihofia kikohozi asichoweza kukisikia.

Mwisho wa muhula ofisi ya elimu ilimpongeza mwalimu kwa barua: katika darasa lake hakuna aliyekosa hata siku moja. Kwa kuwa wanafunzi walionyesha bidii kiasi hicho, muhula ujao kila slaidi ingekaa sekunde sita. Mwalimu aliisoma barua yote kwa sauti, akaikunja, akafungua mapazia.

Muhula mpya ulipoanza, binti alisimama mbele ya slaidi ya saba na kuanza moja kwa moja na kifua cha bibi. Shikamoo alikuwa ameiacha.

Mama aliitikia marahaba hata hivyo, na slaidi ikapita.