Mashine Haicheki

Kwanza walidai kidole gumba. Mwalimu Boila alikuwa kijana siku hizo, anachochea moto chini ya matangi ya maji ya hospitali, na aliwaona kwa macho yake wafuaji wamepanga foleni kuchovya vidole kwenye wino. Baadaye wakubwa wakasema kidole ni ushamba, wanataka sahihi. Watu wakajifunza sahihi. Wakasema sahihi haitoshi, mtu asome. Watu wakasoma, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, kwa magazeti yaliyoletwa kuwashia moto. Sasa, miaka thelathini na ushee imepita, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia: kibarua anayetaka kubaki kazini baada ya mwisho wa mwezi ujao asimame mbele ya jopo, aeleze kazi yake kwa Kiswahili, dakika tano, bila karatasi.

"Kidole walichukua, macho wakachukua," aliwaambia wanafunzi wake. "Sasa wameufuata ulimi. Na tukiwapa ulimi watatafuta kingine, nyie subirini tu."

Wanafunzi walikuwa kumi, wote wamekuja kutoka ng'ambo ya mpaka, Kiswahili wamekiokota ukubwani kama mtu anavyookota kuni, hiki hapa, kile kule. Walisoma saa ya mapumziko ya mchana, kwenye stoo ya mashuka, na ubao wao ulikuwa mlango wa kabati bovu. Mzee hakulipwa hata senti, wala hakuomba. Alikuwa na hasira, na hasira ilimtosha.

Aliyemuumiza kichwa ni mmoja, mwanamke waliyemwita Dada Foronya kwa sababu foronya alizokunja yeye zilipangwa hadi darini zisianguke. Mjane, ana binti mmoja shuleni, na kazi hiyo ndiyo nyumba, ndiyo chakula, ndiyo daftari la mtoto. Kikombe cha mtu mwingine kikianguka, yeye ndiye huomba radhi.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya wenzake, akakohoa, akasema, "Mimi nafufua mashuka ya wagonjwa."

Stoo nzima ilipasuka kwa kicheko. Mpiga pasi, mmoja wa wale kumi, mtu asiyeweza kuacha neno lipite bure, akapaza sauti: "Dada yangu, nina shangazi kaburini mwaka wa tatu huu. Utamfikia lini?"

Dada Foronya aliketi akajifunika uso. Kosa lenyewe lilikuwa na akili yake. Kwao, jambo likifanywa kwa bidii neno hurudiwa. Kufua, aliona yeye, ni kuchovya na kuanika. Yeye alisugua mpaka damu ya watu itoke, basi alifufua. Wiki mbili hakufungua mdomo tena.

Ndipo mzee alipompeleka kwenye mashine ya kukamua mashuka, ile kubwa, inayonguruma kama lori linalopanda mlima. Akamsimamisha mbele yake, yeye akasimama upande wa pili amsome midomo.

"Mashine haicheki!" alimpigia kelele. "Iambie! Ukiteleza usirudi nyuma. Ukisikia sauti ya mtu, ujue ni mashine tu. Songa!"

Siku za mwanzo alisema maneno matatu akakwama. Mzee akapunga mkono: songa. Siku ya tano alifika dakika moja. Wiki ya tatu alikuwa anaishinda mashine sauti, mikono imekwenda kiunoni, shingo imenyooka. Mpiga pasi akatingisha kichwa. "Jamani, huyu sasa mashine yenyewe inamwamkia." Dada Foronya akacheka, mara ya kwanza wao kumwona meno. Nyumbani, alisimulia, binti yake humwita redio.

Lile neno je? Mzee alijaribu kulirekebisha mara moja. Aliona mdomo wa yule mama unaanza kujifunga, akaogopa, akaliacha. Kwanza ujasiri, alijiambia. Neno litajinyoosha.

Siku ya jopo walikaa watatu nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, karani wa ajira, na muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani. Mzee aliruhusiwa kukaa karibu na mlango.

Dada Foronya aliingia, akanyoosha shingo. "Waheshimiwa, mimi nafufua mashuka ya wagonjwa."

Muuguzi mkuu alitabasamu, na halikuwa tabasamu baya. "Una maana kufua, sivyo dada?"

Dada Foronya akapandisha sauti. "Kwanza natenga yenye damu!"

"Samahani, dada. Kufua, sivyo?"

"Halafu natia dawa ya madoa, kipimo kimoja kwa ndoo nne!"

Mzee alielewa. Aliinuka, akanyoosha kiganja kumwashiria asite, na Dada Foronya, aliyezoea mkono ule useme songa tu, akaongeza mwendo.

"Mzee, kaa chini," alisema mwenyekiti. "Anayefanya mtihani ni nani?" Kisha akapiga meza. "Mama! Umeulizwa swali!"

Dada Foronya alimtazama kama anavyoitazama mashine ikifika mzunguko wa mwisho, akasonga. Alimaliza dakika tano kamili. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akatoka.

Karani aliandika. Mzee alisogea, akainama mezani akasoma: *Anazungumza vizuri. Haelewi anachoambiwa. Hafai.*

"Mpeni nafasi nyingine," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha asisikilize."

"Kule kuna dawa zinazounguza, mzee," alisema mwenyekiti. "Mtu akimwambia acha, ataacha huyu?"

Mzee alikuwa na jibu la kila mkubwa aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Matusi yao aliyahifadhi kwa mwaka na kwa tarehe. Safari hii alirudi kwenye kiti chake cha mlangoni, akakaa.

Muuguzi mkuu alivua miwani. "Nilitaka aseme ndiyo tu," alisema taratibu. "Nimpitishe."

Nje, kwenye korido, Dada Foronya alikuwa anamsimulia mfagizi asiyemjua hata kidogo. "Mwalimu! Umeona? Yule mkubwa kapiga meza, pa! Mimi nikanyamaza? Wapi! Nikasonga!" Simu ilikuwa mkononi. "Nampigia mwanangu."

"Usimpigie kwanza, dada."

Akamwambia. Hakuzunguka, kwa sababu hakujua njia ya kuzunguka.

Mfagizi alijitia kufagia upande wa pili wa korido. Dada Foronya alishusha simu. "Walikuwa wanauliza nini?"

"Kama una maana kufua. Walitaka useme ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo tu."

"Hiyo naijua," alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo niliijua kabla sijaja kwako."

Mzee alingoja amtukane. Angemtukana angeshukuru. Lakini Dada Foronya alifunga kilemba vizuri, akashuka ngazi kurudi kazini, maana mpaka mwisho wa mwezi mashuka yalikuwa bado yake.

Kwenye stoo wale tisa walikuwa wanangoja. Kwa uso wa mzee walijua. Kesho ilikuwa zamu ya mpiga pasi.

"Mwalimu," aliuliza, na mzaha wote umemtoka, "wakiniuliza kitu, nisimame au nisonge?"

Mzee alishika chaki. Alisimama mbele ya ubao, na chaki ikabaki hewani.

Ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha kufulia, mashine ya kukamua iliwashwa. Mtu mmoja alichungulia mlangoni akamwuliza Dada Foronya, kwa kupaza sauti, mambo yamekwendaje huko kwenye jopo. Alimwonyesha kwa mkono tu, asogee, yeye apite na toroli la mashuka.