Macho Meupe ya Kinyozi

Kaka yangu alikuwa na macho meupe kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Hata waliokuja msibani walisema hivyo, wakidhani wananifariji.

Alikuwa kinyozi. Watu walimwita Laini kwa sababu ya mkono wake, na jina hilo ndilo lililopakwa rangi ya bluu juu ya mlango wa saluni. Ndani mlikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimekufa springi na hukaliwa na wanaosubiri, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na redio ambayo haikuzimwa kutwa. Nyuma ya pazia ndipo nilipokuwa nasuka wanawake. Kwa hiyo kazi yake niliijua zaidi kwa masikio: mashine inanguruma, inanyamaza, brashi ya poda inapiga pa pa pa shingoni, kisha sauti yake, "Jiangalie, bosi."

Kazi ile ina vumbi lake. Nywele kavu zikikatwa na mashine huwa fupi kama unga, na huruka. Zilikuwa zinamwingia machoni, naye anafikicha kwa kiganja kile kile chenye poda na spiriti. Ikifika jioni, macho yake ni kama ya mtu aliyelala kwenye moshi. Angeweza kuyaosha kwa maji safi. Angeweza kuvaa miwani, hata ile ya plastiki isiyo na nguvu. Lakini macho hayakumwuma sana. Yalikuwa mekundu tu, na wekundu ule ndio uliomsumbua, kwa sababu mtu mwenye wembe mkononi na macho mekundu hukimbiwa.

"Kaka, unavuta nini siku hizi?" dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi, alimwuliza. "Usije ukaninyoa na kope."

Watu walicheka, naye alicheka. Lakini siku hiyo alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

Kinyozi mwenzake wa barabara ya pili ndiye aliyempa kichupa cha kwanza. Dawa ya kufuta wekundu, alisema, vinyozi wote wanaitumia, tone moja kila jicho asubuhi na umemaliza. Ikafanya kazi kweli. Kabla chai haijapoa macho yalikuwa meupe pee. Kichupa kilipokwisha alikwenda duka la dawa, akaonyesha kile kitupu, akapewa kingine. Hakuna aliyemwuliza anaumwa nini, wala nani alimwandikia. Ikawa kama mswaki. Miaka ikapita hivyo.

Baba yetu alikufa haoni. Sisi tulisema ni uzee, ingawa ukikumbuka vizuri hakuwa mzee wa kiasi hicho.

Sikumbuki ni lini Laini alianza kugonga vitu. Mlango ulimpiga begani, akaulaumu mlango. Kikombe alichowekewa upande wa kushoto alikimwaga, akauliza ni nani anayeweka vikombe kama mitego. Ukimwita, hakugeuza uso kama watu wengine, aligeuka na mabega na kifua.

"Mume wangu siku hizi anageuka mzima mzima kama kabati linahamishwa," alisema wifi, nasi tukacheka. Wifi ana ulimi, na kaka yangu aliupenda ulimi huo.

Kisha yakaja ya wateja. Dereva alirudi siku moja amejishika shavu. "Laini, huku kushoto umeniachia ndevu za akiba?" Laini akamkalisha, akamalizia bila malipo, akasema taa ya upande ule imefifia. Akabadilisha taa. Akabadilisha na kioo. Saluni ikawa inang'aa kama chumba cha upasuaji, na bado watu walikuwa wanatoka na upande mmoja mrefu kuliko mwingine.

Aliyelifumbua jambo ni mwalimu mstaafu, mzee mpole ambaye alikuja kila wiki kwa nywele zisizojaza hata kiganja. Nilikuwa nyuma ya pazia niliposikia wembe unaanguka.

"Laini, mwanangu," mwalimu alisema, taratibu kabisa, "umelinyoa na sikio?"

Nilipotoka, damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kitambaa cheupe. Kaka yangu alikuwa amesimama kando, mikono hewani, anatazama mbele. "Sikuliona," alisema. "Mwalimu, naapa, sikio halikuwepo."

"Lilikuwepo," alijibu mzee, amelishika. "Ninalo tangu nizaliwe. Kesho uende ukapimwe macho."

Tulikwenda watatu, yeye, wifi na mimi. Kliniki ya macho ilikuwa na benchi refu la mbao na chumba kimoja chenye giza. Humo walimwingiza, wakamfunika jicho moja, wakamwekesha kidevu kwenye mashine, wakampa kitufe cha kubonyeza kila atakapoona kitaa kidogo kikiwaka. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Mashine yao mbovu," alituambia. "Wanasema taa zitawaka. Nimekaa humo mpaka karibu nisinzie. Zimewaka tatu nne, basi."

Wifi hakucheka.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yake, na alimwita baba. Alisema ni presha ya macho. Alisema ugonjwa huu hauumi, unakula pembeni kwanza, na akili inaziba lile pengo kwa kubahatisha, ndiyo maana mtu hajui. Kisha akauliza kama kuna dawa yoyote anayotia. Laini akatoa kichupa mfukoni kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba yeye pia hujitunza.

Daktari alikisoma, akakiweka mezani mbali naye.

"Baba, hii inafuta wekundu, lakini kwa watu wengine inapandisha presha ndani ya jicho. Kwenye ukoo wenu yupo aliyepofuka?"

"Baba yetu," nilijibu mimi.

"Basi hii hukutakiwa kuigusa bila daktari. Ulichopoteza hakirudi. Hiki kilichobaki tunaweza kukilinda." Akamwandikia dawa nyingine, tone kila jioni, maisha yote. Akamwambia avae miwani kazini, anawe mikono kabla ya kugusa macho, asifikiche, nywele zikiingia aoshe kwa maji safi. Akanigeukia. "Na wewe, dada, uje upimwe. Na watoto wake. Msingoje kuumwa."

Niliitikia. Sikwenda wakati ule. Kulikuwa na vichwa vya watu vinanisubiri.

Mwanzoni alitii. Alinunua miwani mikubwa ya plastiki. Dereva alipomwona akasimama mlangoni. "Samahani fundi, nimekosea. Mimi natafuta kinyozi, si wa kuchomelea mageti." Hilo alilivumilia. Lakini macho yaliyozoea kufutwa kila asubuhi yalipoachwa yalirudi na hasira. Yakawa mekundu kuliko zamani. Daktari alikuwa amemwonya kwamba yatakuwa hivyo kwa muda, kisha yatatulia. Wateja hawakuambiwa na daktari. Mama mmoja aliingia na mtoto wake, akamtazama Laini, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi. Tulimwona siku ileile akitoka kwa yule kinyozi wa barabara ya pili, mtoto kanyolewa vizuri.

Kiti kikaanza kukaa kitupu. Laini alikuwa anakifuta vumbi lisilokuwepo.

Kisha asubuhi moja macho yake yakawa meupe tena. Nilifurahi. Nilidhani yametulia, kama daktari alivyosema. Siku nyingine nikaenda kujaza poda kwenye kopo lake, nikaingiza vidole, nikagusa kitu kigumu. Kichupa.

Nilimwekea mezani, mbele ya kioo. Hapakuwa na mteja.

"Kaka, hiki nini?"

"Mdogo wangu, usianze."

"Daktari alisema nini?"

"Daktari hanyolewi hapa." Alikichukua akakifuta poda kwa kidole gumba. "Ile dawa yake naitia kila jioni, Mungu shahidi. Sioni inafanya nini. Hii naiona. Nikitia hii, watu wanakaa kwenye kiti."

"Na ukipofuka, watakaa kwa nani?"

"Nikipofuka utaninunulia redio kubwa." Alicheka, kisha akaacha. "Miezi michache tu. Wateja wakirudi nitaacha. Wifi yako asijue."

Wifi alijua jioni hiyo hiyo, maana nilimwambia. Alikitupa kichupa chooni. Laini akanunua kingine. Akatupa na hicho. Nadhani baada ya hapo alikuwa anakiacha dukani kwa muuza dawa, anapita asubuhi kutiwa kama mtu anayepita kunywa kahawa. Wateja walirudi. Sasa alifanya kazi kwa vidole: anapapasa upande wa kushoto wa kichwa kwanza, ndipo anapitisha mashine. Watu walidhani ni madaha yake mapya, wakayapenda.

Alikufa mchana, kwenye jua, barabara kavu. Alikuwa ametoka na beseni la maji machafu kuyamwaga kwenye mtaro ng'ambo ya pili, kama siku zote. Redio ilikuwa inaimba. Nilisikia breki, kisha beseni likiviringika kwenye lami, linazunguka, linazunguka, mpaka likatulia.

Pikipiki ilitoka kushoto. Aliyeiendesha alikuwa amekaa chini katikati ya barabara, magoti yamechubuka, analia kama mtoto. "Aligeuka upande wangu," alikuwa anamwambia kila mtu. "Macho yake yalikuwa kwangu kabisa. Nikajua kaniona, atasimama. Jamani, si alinitazama?"

Mimi nilijua kwamba alitazama bila kuona, nikapiga magoti kando ya kaka yangu.

Hospitali tuliambiwa amefika ameshakata roho. Macho yalikuwa wazi. Wifi aliyatazama kabla ya muuguzi kuyafumba. Yalikuwa meupe, safi, hayana hata mshipa mmoja. "Hata huku kaja na macho ya biashara," alisema, akaanguka.

Msibani alikuja yule kinyozi wa barabara ya pili. Alilia kwa dhati, alikuwa rafiki yake. Alipokuwa anaaga alinivuta kando, akainamisha kichwa.

"Dada, samahani kuuliza wakati huu. Ile dawa yake, hakubakiza hata kidogo? Siku hizi dukani inaadimika."

Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa meupe. Nilimweleza yote aliyoyasema daktari, neno kwa neno, palepale. Alisikiliza, akashukuru, akasema yeye haoni tatizo lolote.

Baada ya hapo nikaenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi lile lile. Msichana mmoja wa kupima alinifunika jicho moja, akaniambia niweke kidevu, nitazame katikati, nibonyeze kila nitakapoona kitaa. Akazima taa ya chumba.

Kimoja kiliwaka juu. Nikabonyeza. Kimoja kulia. Kisha vikaanza kushoto. Kushoto chini, kushoto juu, kushoto mbali kabisa pembeni, vidogo, hafifu, kimoja baada ya kingine, vingi sana. Niliwaza alivyokaa hapa, kidevu mahali hapa hapa, kitufe mkononi, anasubiri kwa uvumilivu katika giza huku vyote hivi vinawaka mbele yake.

"Dada," msichana aliniita kutoka gizani, "mbona umeacha kubonyeza? Huvioni?"

"Naviona," nilisema. "Naviona vyote."

"Basi bonyeza. Na usifikiche macho, nitakupa karatasi laini."