Wasomaji wa Bure wa Munyu

Gerishon alikuwa na magazeti kumi na tano na adui mmoja, bibi kizee Cucu Ngendo. Kila asubuhi akishashuka kwenye pikipiki kutoka Thika na kutandaza magazeti yake pale stendi ya Munyu, Cucu huyo! Anavaa miwani, anafungua gazeti, anasoma kwa sauti kubwa. Watu wanaopeleka maziwa wanamzunguka, wanabishana weee mpaka jua linachoma. Kununua? Cucu hajawahi.

Jumamosi moja Aarti, wakala wa magazeti huko Thika, alimweleza wazi. "Gerishon, nakupa wiki moja. Jumamosi ijayo ukirudisha zaidi ya matano yasiyouzwa, Munyu naifuta."

Miaka kumi na tisa amewaletea watu habari; akifutwa atakuwa nani? Jumatatu akayapiga magazeti yote pini pande tatu, pasiwe na pa kuchungulia.

Cucu alilipindua moja, akalirudisha. "Umelishona kama gunia la mahindi?"

"Cucu, hapa si maktaba. Anayetaka kusoma anunue."

"Haya basi."

Akaenda zake, na watu wakamfuata. Siku hiyo yalibaki magazeti kumi. Jumanne, kumi na mawili. Ngai! Jumatano Gerishon akamkabili Mwas kinyozi, aliyekuwa mteja wake wa kila siku. "Mbona hununui?"

"Nilikuwa nanunua nimwonyeshe Cucu amekosea," Mwas akasema. "Sasa nibishane na nani? Wewe?"

Lo! Majuto ni mjukuu. Alhamisi Gerishon alimkuta Cucu shambani akikatia ng'ombe nyasi. "Cucu, nimekosa. Rudi, tafadhali."

"Nirudi wapi, kwa maktaba?" Akamwacha asimame hapo mpaka mzigo ukajaa. "Biashara ni matangazo, na wewe tangazo ulilifukuza. Nataka kiti, na gazeti langu lisilo na pini."

Jumamosi ikafika. Cucu alikaa kitini kama chifu, akasoma habari ya mzee aliyemshtaki jirani kwa sababu ya jogoo anayewika saa tisa usiku. Jogoo mwenyewe aliletwa kortini ndani ya kikapu. Watu wakagawanyika papo hapo, wengine wa mzee, wengine wa jogoo.

"Hakimu akavua miwani," Cucu akasoma, "akamtazama jogoo, akasema..." Akalikunja gazeti.

"Aii, Cucu! Alisema nini?"

"Si magazeti yako pale?"

Wakamvamia Gerishon. Saa nne meza ilikuwa tupu! Akampigia Aarti simu akicheka peke yake kama mwehu. "Leo sirudishi hata moja!"

Alipokata simu ndipo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kusoma. Gazeti lililobaki lilikuwa moja tu, mapajani mwa Cucu. Akamsogelea pole pole.

"Cucu, kwani hakimu alisema nini?"

Cucu akamtazama juu ya miwani.

"Gerishon, unataka kusoma bure?"