Kinga ya Mashine

Watu walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tangu ujana wake, na nguo zake zote zilikuwa na matundu ya moto, hata suti aliyofungia ndoa. "Mke wangu aliolewa na chujio," alizoea kutania, na wateja wakashika mbavu. Mzaha huo bado aliutoa, ila sasa ulitoka wenyewe, kama mtu anavyojibu salamu huku mawazo yake yako kwingine.

Siku iliyomharibia mambo ilikuwa Jumanne asubuhi, miaka mitatu iliyopita. Geti la mteja lilitakiwa liwe tayari kabla ya saa sita, na kile kifuniko cha chuma kinachokinga jiwe linalozunguka la mashine ya kukatia vyuma kilikuwa kinamzuia kufika kwenye kona. Akakifungua, akakitupa mezani. Simu ikaita. Akamwambia mdogo wake aliyefanya naye kazi, "Nimalizie hicho kipande," akatoka nje kuongea. Alikuwa bado anaongea aliposikia jiwe linapasuka, kisha ukelele.

Mdogo wake alipoteza jicho la kushoto.

Hospitalini mama yao alifika mbio, kanga imemponyoka begani. "Ilikuwaje?" akauliza. Mdomo wa Cheche ukajibu kabla kichwa hakijafika. "Alitoa kinga mwenyewe, mama. Si unamjua mwanao na haraka zake."

Mdogo wake alikuwa amelala pale pale, kichwa kimefungwa bandeji. Akageuza uso ukutani.

Uongo ule ukakaa. Mama akauchukua ukawa wake, na kila kijana alipojigonga kwenye mlango asiouona vizuri, alimwambia, "Ungemsikiliza kaka yako." Kijana alihama karakana akafungua kibanda cha kushona viatu, akaishi na mama, na kaka yake akawa anawatembelea na sukari mkononi.

Cheche alingoja dhamiri imsute. Haikumsuta. Hilo ndilo lililomtisha, pale alipokuwa na nguvu ya kutishika. Alilala vizuri. Alikula akashiba. Mwanawe wa kwanza alipofaulu mtihani, alimpa mkono akasema "hongera", kisha akasimama pale akingoja furaha ije, wapi. Kanisani aliimba sauti ya tatu bila kukosea, na ndani yake kimya.

Mwezi mmoja mchungaji alikuja karakana kupima vyuma vya madirisha ya kanisa. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kusema polepole. Cheche alikuwa ameshika futi, na bila kujiandaa akasema:

"Mchungaji, mimi nimekufa ganzi. Nikiomba ni kama naongea na ukuta."

"Tangu lini?"

Akamweleza yote. Alieleza kama anavyoeleza vipimo, hana haraka wala machozi. Alipomaliza, mchungaji hakupiga kelele wala hakumshika bega.

"Na unangoja nini?" akamuuliza.

"Nangoja niumie kwanza. Nikitubu bila kuumia si nitakuwa nadanganya tena?"

"Mwanangu, Yesu hakukuambia uumie. Amekuita uje. Njoo na hiyo ganzi yako. Lakini usije kwake ukimruka mdogo wako."

Kisha akaandika upana wa dirisha la mwisho kwenye kiganja, maana karatasi aliisahau nyumbani, akaenda zake.

Jumapili ya wiki hiyo Cheche alipiga moyo konde. Aliwakuta mama na mdogo wake barazani, mama akichambua mchele. Hakukaa.

"Mama, kinga niliitoa mimi. Yeye hakuigusa. Nilikudanganya."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Akamtazama mkubwa, akamtazama mdogo. "Kweli?" akamuuliza mdogo.

"Kweli, mama."

Mama akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Ulijua?" Cheche akauliza.

"Kaka, nilikuwepo," mdogo wake akasema. "Niliiona pale mezani."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Mwaka wa kwanza nilikusamehe. Wa pili nikaghairi. Mwaka huu nimesamehe tena, sijui kama nitafika Desemba." Akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa basi, unanisimamia kama askari."

Akakaa. Mama alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Alipiga magoti mbele ya mwanawe mdogo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona nyumba ile. "Nisamehe, mwanangu. Miaka mitatu nimekusema bure." Kijana akamwinua haraka, ameona haya. Ndipo mama akamgeukia Cheche. "Wewe, nitakuambia siku nikikusamehe. Leo bado."

"Sawa, mama," akasema, na kweli akaona ni sawa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Tangu ajali Cheche alikuwa akitoka nje wakati huo, akisingizia kifua. Safari hii mdogo wake alikuja akaketi kando yake, upande ambao jicho lake zima lingemwona. Safu yao ilipoitwa, Cheche alisimama, akapiga hatua mbili, akakwama katikati ya njia.

"Sistahili," akanong'ona.

"Hakuna anayestahili humu," mdogo wake akamjibu sikioni. "Sogea, unazuia watu."

Akasogea. Mkate ulikuwa mkavu kidogo. Hakusikia moto wala mwanga, wala mzigo haukudondoka begani kama wengine walivyoshuhudia. Alimeza. Akarudi kwenye benchi, mdogo wake akimshika kiwiko ili yeye mwenyewe asijigonge upande wa jicho bovu. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, Cheche alisema neno moja kwa Mungu bila kungoja kuona kama litamgusa: "Asante."

Akabaki ameketi mpaka ibada ikaisha.