Juu, Upande wa Glavu

Safu nzima ya mashabiki nyuma ya goli ilikuwa imevaa jezi juu ya makoti, na safu nzima ilijua kwamba Nyegere, timu yao ya hoki ya barafuni, wakifungwa tena Jumapili hii, jezi zitavuliwa na kurushwa barafuni. Gord Wasylyk ndiye aliyetangaza, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, huku akipitisha mfuko wa mbegu za alizeti.

"Tangu kabla ya Krismasi hatujashinda hata kwa bahati mbaya! Jezi hii nilinunuliwa na marehemu mama. Leo inakwenda chini, na mama huko aliko atanielewa."

Watu wakacheka. Marlys Hrycak naye akacheka, maana angenyamaza wangemuuliza anaumwa nini. Siku zote yeye ndiye mwenye mdomo safu nzima. Saluni yake ndiyo redio ya mji wa Pelly Bend. Aliyeachwa, aliyeuza shamba, aliyenunua trekta la mkopo, wote husikika pale kabla nywele hazijakauka. Lakini leo chokoleti ya moto ilimpoa mkononi, na macho yake hayakumwacha kipa.

Kipa, Corbin Ducharme, alikuwa mwanawe wa msimu. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyetoka mbali kaskazini, akapewa chumba nyumbani kwake kama wachezaji wengine walivyopewa vyumba kwa watu wa mji. Marlys alimlisha, alimfulia soksi zinazonuka kama panya aliyekufa, na mgongoni mwa jezi yake aliandikisha DUCHARME.

Wiki hiyo alimkuta bafuni akihangaika kuvaa fulana kwa mkono mmoja. Bega la kushoto lilikuwa limevimba, rangi ya bilinganya.

"Mama Marlys, usimwambie mtu, nakuomba," kijana alisema. "Kocha akijua ataniweka benchi, na wiki ijayo yule jamaa wa chuo kikuu anayetafuta wachezaji anakuja kuniangalia. Akinikosa, basi tena. Narudi nyumbani."

"Mimi? Mimi kaburi, mwanangu."

Na kweli alikuwa kaburi, mpaka kesho yake asubuhi rafiki yake Doreen alipokaa kwenye kiti cha saluni kupakwa rangi ya nywele.

Kipindi cha kwanza kilipita salama. Cha pili, vijana wa Carswell, mji wa jirani, walirudi kama walioambiwa kitu. Bao la kwanza lilipita juu ya bega la kushoto la Corbin. Bahati mbaya, Marlys alijiambia. La pili likapita palepale. La tatu ndilo lililomkata maini: nahodha wa Carswell alikuwa na nafasi tupu chini, ng'ombe mzima angepita, lakini akakiinua kile kisahani cheusi kinachochezewa badala ya mpira, makusudi, juu, upande wa glavu ya kudakia, mkono wa kushoto.

"Ducharme!" Gord alinguruma. "Inua mkono, baba! Hata darasani watu huinua mkono!"

"Labda anaogopa kuulizwa swali!" mwingine akadakia, na safu ikavunjika mbavu kwa kile kicheko kichungu cha watu waliochoka kufungwa. Upande wa pili wa ukumbi mashabiki wa Carswell walianza kuimba: "Juu! Juu! Juu!"

Marlys akamgeukia rafiki yake aliyeketi pembeni.

"Doreen, lile jambo la bega ulimwambia nani?"

"Mimi? Simwambii mtu."

"Doreen."

"Dada yangu tu, shoga. Dada yangu naye ni mtu?"

"Dada yako anaishi Carswell!"

"Anaishi kule, lakini roho yake iko huku."

"Na mumewe?"

Doreen alitafuna mbegu moja muda mrefu kuliko inavyostahili. "Mumewe ndiye dereva wa basi la timu yao," alisema, na mara uso ukamshuka. "Yesu wangu."

Chini kwenye barafu kisahani kilimpiga Corbin begani penyewe. Hakikuingia, lakini kijana alianguka kwa magoti akabaki hivyo, paji la kofia limegusa barafu. Watu walimzomea. Aliinuka polepole, mkono wa kushoto ukining'inia kama wa mtu mwingine, akarudi golini.

Marlys alijua vijana wa Carswell wote watalenga pale mpaka bega litoke mahali pake. Alijua pia kwamba akisema, jamaa wa chuo kikuu atakuta kipa amevaa koti na tai kama wachezaji majeruhi, na kijana hatakula tena mezani kwake bila kujiuliza maneno yake yanakwenda wapi.

Kengele ya kumaliza kipindi cha pili ilipolia, alikuwa tayari ngazini.

Kocha Haugen alimzuia kwenye mlango wa chumba cha kuvalia. "Marlys, sheria unaijua. Kina mama mwisho hapo."

"Bega lake la kushoto limekufa. Ameficha. Carswell wanajua."

"Wamejuaje wao, na mimi sijui?"

"Kwangu."

Kocha alimtazama, akafunga mlango. Kutoka ndani Marlys alisikia sauti ya Corbin: "Siumwi! Nani kasema?" Halafu kocha akataja jina la Marlys.

Kipindi cha tatu aliingia kipa wa akiba, safu ikashangilia kwa kejeli, na Nyegere wakafungwa vilevile. Gord alisimama akavua jezi ya marehemu mama. Jezi zikaruka moja baada ya nyingine juu ya kioo cha uwanja, zikatua barafuni kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba.

"Marlys, vua! Si wewe uliyetoa wazo mwezi uliopita?" Gord alimwambia.

"Nilisema mengi mwezi uliopita. Sivui."

Pale benchi Corbin alikuwa amekaa na barafu begani, akizitazama jezi zikianguka. Hakuinua macho kuona kama ile yenye jina lake bado imevaliwa.

Marlys alisubiri ndani ya gari, injini inaunguruma, jua la majira ya baridi likizama nyuma ya maghala ya ngano. Wachezaji walitoka, mmoja mmoja, wakachukuliwa na wenyeji wao. Maegesho yalikaribia kuwa matupu ndipo Corbin alipotokea. Siku zote hukaa mbele na kuchezea redio. Leo aliweka begi kiti cha mbele, akaingia nyuma.

"Nilimwambia kocha," Marlys alisema.

"Najua. Na kabla ya kocha?"

Alimwona kwenye kioo, macho mekundu, yakimsubiri.

"Doreen. Siku iliyofuata tu."

Kijana aligeukia dirisha. Alijaribu kuvuta mkanda wa kiti kwa mkono wa kushoto, ukakataa. Akajaribu tena, meno yameumana.

Marlys alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Hewa ya baridi iliwaingia wote wawili. Hakuomba msamaha, alihofu akifungua mdomo hautafungika. Aliuvuta mkanda taratibu, akaupitisha mbali na bega, akasubiri.

Corbin alisogeza mkono kumpisha.